Kisa cha Alameda: Nani Alipie Dawa Zilizobaki Kabatini?

Tarehe 24 Julai 2012, Baraza la Wasimamizi la Kaunti ya Alameda, jimboni California, lilipitisha sheria ndogo ambayo hakuna serikali ya mtaa nchini Marekani iliyokuwa imethubutu kuipitisha. Iliwataka watengenezaji wa dawa zinazoandikwa na daktari, wote ambao dawa zao zinauzwa ndani ya kaunti, waanzishe na kugharimia mpango wa kukusanya na kuteketeza dawa ambazo wananchi hawakuzimaliza. Ndani yake mlikuwa na sharti moja fupi: mtengenezaji asimtoze mwananchi ada yoyote kwa ajili ya kazi hiyo, si dukani anaponunua dawa, wala kwenye sanduku anapoirudisha.

Desemba mwaka uleule, vyama vitatu vya wenye viwanda viliishtaki kaunti: PhRMA, chama cha kampuni kubwa za dawa zenye hataza, GPhA, cha watengenezaji wa dawa za jeneriki (nakala za dawa ambazo hataza zake zimekwisha), na BIO, cha kampuni za bioteknolojia. Shauri lilipanda ngazi zote za mahakama za shirikisho na kumalizika Mei 2015. Tangu hapo limekuwa likitajwa kila mara panapojadiliwa kama mzalishaji anaweza kulazimishwa kubeba mwisho wa bidhaa hatari anayoiuza majumbani.

Wengi hulisimulia kama ushindi, na ni kweli kaunti ilishinda. Lakini nikiutazama mpango wenyewe, naona Alameda ilifanikiwa katika nusu moja ya wazo hili na nusu ya pili haikuguswa. Nusu iliyofanikiwa ni ya fedha. Nusu iliyobaki ni ya bidhaa yenyewe, na sababu ya kubaki kwake imejificha mahali ambapo wasimuliaji wengi hawafiki: kwenye kanuni za lile sanduku la kukusanyia.

Taka isiyokuwa na mwenyewe

Alameda ni kaunti iliyokuwa na watu takriban milioni 1.5 wakati ule, yenye miji kama Oakland, Berkeley, Hayward na Fremont, iliyokaa kando ya Ghuba ya San Francisco. Rangi za mafuta, betri, viuatilifu vya bustani na taa zenye zebaki vina vituo vyake huko vya kupokea taka hatari za majumbani. Mtu akiwa na kopo la kiuatilifu kuukuu anajua kwamba ameshika sumu, na akitaka kulipeleka, mahali papo.

Dawa ni tofauti. Hakuna anayeiona kuwa taka mpaka siku anaposafisha kabati, na hata siku hiyo huwa anasita, kwa sababu ilinunuliwa kwa fedha nyingi na huenda ikahitajika tena. Kwa hiyo hukaa. Vidonge vya maumivu alivyoandikiwa mgonjwa baada ya upasuaji hubaki nusu chupa. Mzee akifariki, familia hurithi mfuko mzima wa dawa za moyo, za sukari na za usingizi. Njia za kawaida za kuziondoa zilikuwa mbili, chooni au kwenye pipa la taka, na kila moja ilikuwa na madhara yake.

Njia ya choo ilianza kutiliwa shaka kwa uzito baada ya 2002. Mwaka huo Idara ya Jiolojia ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mito na vijito 139 katika majimbo 30, sampuli zikiwa zimechukuliwa 1999 na 2000. Asilimia 80 ya vijito vile vilikutwa na angalau kemikali moja kati ya 95 zilizotafutwa, zikiwemo viuavijasumu, homoni na dawa nyingine za binadamu. Mitambo ya kusafisha maji taka ilijengwa kwa ajili ya kinyesi na vijidudu. Haikujengwa kuchuja chembechembe za dawa, na maji yanayotoka kwenye mitambo ya Alameda huishia ghubani.

Wenye viwanda walijibu kwamba sehemu kubwa ya dawa iliyomo majini imepita kwanza ndani ya miili ya watu na kutoka kwa haja, kwa hiyo kukusanya mabaki hakutasafisha mito. Hoja hiyo ni ya kweli, na mtetezi wa sheria hizi anayeikwepa hujidhoofisha bure. Hakuna sanduku linaloweza kukusanya dawa iliyokwisha kunywewa. Lakini kwamba sehemu kubwa haizuiliki si sababu ya kuiachia ile inayozuilika, hasa ikiwa mwenye kuizuia ndiye aliyepata faida ya kuiuza.

Tena maji hayakuwa sababu pekee, na kwa maoni yangu hayakuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ilikuwa kabati lenyewe. Tafiti za kitaifa za miaka ile zilionyesha mfululizo kwamba zaidi ya nusu ya waliokuwa wakitumia vibaya dawa kali za maumivu walizipata kwa rafiki au ndugu. Nchi ilikuwa katikati ya janga la opioidi, yaani dawa hizo kali za maumivu zinazolevya, na mlango mmojawapo wa janga hilo ulikuwa chupa iliyosahauliwa chumbani kwa bibi. Mtoto mdogo anayeokota kidonge sakafuni naye yumo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ina orodha ya dawa chache, mabandiko ya fentanili yakiwemo, ambazo inaelekeza zitupwe chooni mara moja kama hakuna mahali pa kuzirudisha. Mamlaka ilipima hatari mbili ikaona ile ya nyumbani inaua haraka zaidi. Serikali inapofika hatua ya kumshauri raia amwage dawa kali chooni, ni wazi mfumo wa kupokea mabaki haupo.

Kwa nini mzalishaji

Kabla ya 2012 kulikuwa na masanduku machache katika kaunti, yakigharimiwa na mashirika ya umma, na kulikuwa na siku za taifa za kurudisha dawa zilizoanza Septemba 2010 chini ya idara ya shirikisho ya kupambana na dawa za kulevya, DEA. Siku hizo zilikusanya dawa nyingi sana kwa saa chache, jambo lililothibitisha kwamba watu wako tayari wakipewa pa kupeleka. Lakini mzigo uliobaki kwa mlipa kodi wa kaunti ulikuwa ukikua kila mauzo ya dawa yalipokua, ilhali yeye hana kauli yoyote juu ya mauzo hayo.

Wazo la kumrudishia mzalishaji mzigo huu liliwekwa katika maandishi na Mswidi Thomas Lindhqvist mwaka 1990, katika kazi aliyoifanya kwa ajili ya wizara ya mazingira ya nchi yake. Lina shabaha mbili. Ya kwanza ni haki: anayechuma faida alipe na gharama ya mwisho wa bidhaa. Ya pili ni akili: mzalishaji akijua kwamba mabaki yatamrudia, atabuni bidhaa isiyoacha mabaki mengi, au inayochakatika kwa urahisi. Bila shabaha ya pili, ya kwanza hugeuka kuwa njia mpya tu ya kukusanya ada.

Kwa dawa, wazo halikuwa geni. British Columbia nchini Kanada ina mpango wa aina hii tangu miaka ya 1990. Ufaransa ina Cyclamed tangu 1993, Ureno ina Valormed tangu 1999, na Hispania ina SIGRE tangu 2001, yote ikibebwa na michango ya viwanda. Kampuni zilizokuwa mbioni kuishtaki Alameda zilikuwa na wenzao, na mara nyingi matawi yao wenyewe, waliokuwa wakilipia huduma hiyohiyo ng'ambo bila biashara kusimama. Jambo hilo lilitajwa sana na watetezi wa sheria, na Msimamizi Nate Miley, aliyeisukuma ndani ya baraza, alikuwa na kila sababu ya kuuliza kwa nini mgonjwa wa Oakland astahili pungufu kuliko wa Vancouver au Lyon.

Kesi

Wadai hawakubisha kwamba kukusanya dawa kuna manufaa. Pande zote mbili zilikubaliana kuhusu mambo ya msingi na kumwomba jaji aamue juu ya sheria peke yake, bila mashahidi. Hoja ya viwanda ilisimama juu ya Katiba. Katiba ya Marekani inalipa Bunge la shirikisho mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo, na mahakama kwa muda mrefu zimesoma humo katazo: jimbo au kaunti isitunge sheria inayobagua wafanyabiashara wa nje au inayoelemea biashara ya kitaifa kupita manufaa yake.

Hoja yao, kwa ufupi, ilikuwa hivi. Kukusanya taka ni kazi ya serikali ya mtaa. Alameda imeitwaa kazi yake yenyewe na kuibwaga juu ya kampuni ambazo karibu zote ziko nje ya kaunti. Na kwa kuwa imekataza ada isionekane kwenye risiti za Alameda, kampuni hazina pa kurudishia gharama ila kwenye bei ya taifa zima, hivyo mgonjwa wa Ohio atalipia kabati la Oakland. Leo Alameda, kesho kila kaunti kati ya zaidi ya 3,000 zilizopo, na kila moja na kanuni zake.

Nimeiandika kwa nguvu zake zote kwa sababu inastahili. Hofu ya kanuni 3,000 tofauti si ya kubuni, na kampuni inayouza bidhaa ileile nchi nzima ina haki ya kuilalamikia. Walakini wake ni kwamba suluhisho lake ni sheria moja ya jimbo au ya taifa, na jitihada za kupata sheria kama hizo zilikuwa zikikwama kwa miaka. Huwezi kumzuia mtu asipite mlango mkubwa kisha ukamlaumu kwa kupita mdogo.

Jaji Richard Seeborg wa mahakama ya wilaya ya shirikisho aliipa kaunti ushindi Agosti 2013. Viwanda vikakata rufani. Tarehe 30 Septemba 2014 majaji watatu wa Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa waliafiki, hukumu ikiandikwa na Jaji N. Randy Smith. Mantiki yake ilikuwa nyepesi kufuata. Sheria haibagui, kwa kuwa kiwanda kilichomo ndani ya Alameda kinabanwa sawa na kilichoko New Jersey. Haidhibiti lolote linalotendeka nje ya kaunti, kwa kuwa inamgusa tu aliyeamua kuuza humo. Na juu ya uzito wa mzigo, wadai hawakuleta ushahidi kwamba dawa zingeacha kupita kutoka jimbo hadi jimbo. Kuongezeka kwa gharama peke yake hakuvunji Katiba. Kama sera yenyewe ni ya busara au la, majaji walisema hilo ni la taasisi nyingine na la umma kuamua. Mei 26, 2015 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufani ya mwisho, na pazia likashuka.

Hesabu zilizokuwa mbele ya majaji zinafaa kutazamwa taratibu. Mauzo ya dawa katika kaunti yalikadiriwa kuwa dola milioni 965 kwa mwaka. Viwanda, katika makadirio yao ya juu, vilisema mpango utavigharimu dola milioni 1.2 kwa mwaka. Kaunti ilisema kama dola 330,000. Tuchukue namba ya viwanda wenyewe: ni dola moja kwa kila dola 800 za mauzo. Ukiigawa kwa wakazi, ni senti 80 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa namba ya kaunti, ni senti 22.

Sasa jiulize ni nani anayepigana hadi Mahakama ya Juu kwa ajili ya dola moja katika 800. Jibu langu ni kwamba hawakuwa wakipigania dola hiyo. Walikuwa wakipigania kanuni, kwamba mwajibikaji wa mabaki asiwe wao, na walijua Alameda ikipita wengine wako nyuma yake. Hawakukosea. Kaunti ya King, yenye mji wa Seattle, ilikuwa imepitisha kanuni yake mwaka 2013, na San Francisco na kaunti nyingine za California zikafuata mara njia ilipofunguka.

Ada inayoonekana na ada iliyofichwa

Narudi kwenye lile sharti la kutomtoza mwananchi, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini viwanda vya dawa vilipigana wakati viwanda vingine vilikubali kwa hiari.

Chukua rangi za nyumba. Mwaka 2009 Oregon ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wa rangi wakusanye rangi zilizobaki, na California ikafuata 2010. Chama cha watengenezaji wa rangi hakikwenda mahakamani. Kiliunga mkono sheria hizo na kuunda shirika la kuziendesha, PaintCare. Mpango wa California ulipoanza mwaka 2012, kila kopo la galoni moja liliongezewa senti 75, na makopo madogo senti 35. Ada hiyo ni sawa kwa kila kampuni, inapita kutoka kwa mnunuzi hadi kwa muuzaji, kisha kwa mtengenezaji, kisha kwa shirika. Mtengenezaji haoni maumivu yoyote kwenye hesabu zake. Anasimamia, halipi.

Mfumo huo umefanya kazi nzuri ya ukusanyaji. Rangi za maji huchanganywa upya na kuuzwa tena, za mafuta huchomwa kama nishati, na kaunti zimepumua. Sina ubaya nao. Lakini kuuita wajibu wa mzalishaji ni kutumia jina kubwa kwa jambo dogo. Mwenye kiwanda anayeweza kumpitishia mnunuzi gharama yote, mstari kwa mstari kwenye risiti, hana sababu ya kupunguza gharama hiyo. Kama ukusanyaji wa galoni moja ungepanda mara mbili, ada ingepanda naye angebaki alipo.

Alameda iliziba njia hiyo. Haikuwakataza wenye viwanda kupandisha bei ya jumla, hilo lisingewezekana. Ilichokataza ni kutenga ada ya kaunti na kumwekea mgonjwa mkononi. Gharama ikalazimika kukaa ndani ya vitabu vya kampuni, ikishindana na gharama nyingine zote, na mkuu wa fedha akawa na sababu ya kuuliza kama inaweza kupunguzwa. Hapo ndipo wajibu unapokuwa na meno. Na ndiyo sababu wadai waliung'ang'ania mjadala wa ada hata mahakamani: walisema kukatazwa kwao kutoza wazi ndiko kunakosukuma mzigo kwa wasiohusika. Naona walieleza sawasawa jinsi sheria inavyofanya kazi, kisha wakakiita kosa kile kilichokuwa kusudi lake.

Kuna sababu ya pili, na hii inahusu ugonjwa. Mtu anayenunua rangi amechagua kupaka nyumba. Anayenunua insulini hakuchagua kuumwa kisukari. Kumwekea ada kwenye dawa ni kumtoza kwa maradhi yake, na kumtoza anaporudisha ni kumshawishi atupe chooni. Katika hilo naona baraza la Alameda lilikuwa na moyo ulio mahali pake.

Sanduku

Kulikuwa na kizuizi kingine ambacho kesi haikukigusa. Wakati sheria inapitishwa, duka la dawa nchini Marekani halikuruhusiwa kupokea kutoka kwa mwananchi dawa zilizo chini ya udhibiti, yaani zilezile opioidi na dawa za usingizi zilizokuwa kiini cha hatari. Polisi peke yao ndio walioweza. Bunge lilikuwa limebadilisha sheria mwaka 2010, lakini kanuni za DEA za kuitekeleza zilianza kutumika tarehe 9 Oktoba 2014, siku tisa baada ya hukumu ya Kanda ya Tisa. Kabla ya hapo, mpango wa Alameda ungewataka wananchi waingie kituo cha polisi na mfuko wa vidonge. Watu wengi hawafanyi hivyo, hata wasiokuwa na la kuficha.

Kanuni hizo mpya ni kali kwa sababu zinaeleweka. Sanduku lazima lifungwe imara mahali pake, liwe na tundu linaloruhusu kuingiza na si kutoa. Ndani yake mna mfuko usiopitisha maji, wenye namba yake ya pekee, unaoonyesha ukichokolewa. Mfuko ukijaa, hufungwa na wafanyakazi wawili. Baadaye yaliyomo huteketezwa kwenye tanuri mpaka yasiweze kurejeshwa kuwa dawa tena. Na kuna kanuni moja ambayo nimeitafakari zaidi ya nyingine zote: dawa zikishatumbukizwa sandukuni, haziruhusiwi kuhesabiwa wala kuorodheshwa moja moja.

Kwa usalama, kanuni hiyo ni sahihi kabisa. Mahali panapohesabiwa vidonge ndipo vidonge vinapopotea. Lakini tazama inachofanya kwa ile shabaha ya pili ya Lindhqvist. Kama hakuna anayejua ni dawa za nani zimo sandukuni, haiwezekani kumtoza kila mtengenezaji kulingana na mabaki yake. Gharama inagawanywa kwa pamoja. Kampuni inayouza dawa ya maumivu kwa chupa kubwa ambazo nusu yake hubaki haitambuliki sandukuni tofauti na kampuni inayouza dozi kamili ya siku saba katika pakiti isiyoacha kitu. Hakuna thawabu kwa mwangalifu, na hakuna adhabu kwa mzembe.

Viwanda vilianzisha shirika la pamoja la kuendesha mipango hii, MED-Project, na kwa kazi ya kuweka masanduku na kuyabeba linatosha. Ila shirika la pamoja kwa maumbile yake hutafuta tanuri la bei nafuu na msafirishaji wa bei nafuu. Haliwezi kumwambia mwanachama wake apunguze ukubwa wa chupa. Hiyo ndiyo nusu ya pili niliyosema haikuguswa, na wala si kosa la kaunti. Kaunti haina mamlaka juu ya ufungashaji wa dawa wala juu ya kalamu ya daktari. Mabaki ya dawa huzaliwa na watu kadhaa kwa pamoja: mtengenezaji anayeamua ukubwa wa pakiti, bima inayolipia dozi ya siku 90 kwa mkupuo, daktari anayeandika vidonge 30 kwa maumivu ya siku tatu, na mgonjwa anayepona mapema au kushindwa kuvumilia madhara. Alameda ilimshika mmoja. Alikuwa mwenye uwezo kuliko wote wa kulipa, lakini hakuwa peke yake mwenye uwezo wa kuzuia.

Upimaji

Hapa pana jambo linalowakwaza wengi wanaojaribu kuiga sheria hii kutoka kwenye sheria za betri au vifaa vya umeme. Kwenye betri, unaweza kuweka lengo: kati ya tani zilizouzwa, asilimia fulani zirudi. Betri haipotei kwa kutumiwa. Dawa iliyotumiwa vizuri haipo tena, kwa hiyo kilo nyingi sandukuni zinaweza kuwa habari njema, kwamba watu wanarudisha, au habari mbaya, kwamba madaktari wanaandika kupita kiasi. Na kilo zikishuka, hujui kama mabaki yamepungua au yamerudi chooni. Ripoti inayojivunia uzito peke yake haisemi lolote kuhusu usalama wa kabati.

Ndiyo maana naona California ilifanya jambo la busara ilipopitisha sheria ya jimbo zima. Mswada SB 212 ulitiwa saini na Gavana Jerry Brown tarehe 30 Septemba 2018, miaka minne kamili tangu hukumu ya Kanda ya Tisa. Badala ya kuweka lengo la kilo, unapima ufikikaji: kila kaunti iwe na angalau vituo vitano, au kituo kimoja kwa kila watu 50,000, kwa kufuata kilicho kikubwa. Ukaongeza sindano za majumbani, ambazo Alameda haikuzihusisha mwaka 2012: mtengenezaji anatakiwa kumpatia mtumiaji chombo cha kuhifadhia na njia ya kurudisha kwa posta, bila malipo. Hofu ya utitiri wa kanuni tofauti nayo ikapata jibu ndani ya California, kwa mlango ambao Alameda iliulazimisha ufunguke.

Kuna udhaifu mmoja ambao sheria ya 2012 ilikuwa nao na ambao uliuma kuliko ilivyotarajiwa. Haikuyalazimisha maduka ya dawa kupokea sanduku. Mtengenezaji aliwajibika kulipia, lakini sehemu ambayo mwananchi anaifikia kwa urahisi ni duka la dawa, na duka lilikuwa huru kusema hapana. Ufaransa ilikwisha kuliona hilo: tangu sheria ya 2007, kila duka la dawa nchini humo linalazimika kupokea bure dawa zisizotumika. SB 212 ilikwenda nusu njia tu, ikiyataka maduka makubwa yenye matawi yajitahidi kwa kadiri ya haki kuwa wapokeaji katika sehemu ya matawi yao. Mimi ningekwenda njia nzima. Mfamasia amekubaliwa na dola kuwa mlinzi wa dawa zinapotoka, na sioni sababu nzuri ya kumwondolea ulinzi huo zinaporudi, mradi gharama ya sanduku na usafirishaji isiwe juu yake.

Mfano wa vidhibiti joto vyenye zebaki unafundisha jambo lilelile kwa upande mwingine. Watengenezaji wakubwa, Honeywell ikiwa mmoja wao, waliunda shirika la kuvikusanya mwaka 1998 kwa hiari. Vilivyorudi vilikuwa sehemu ndogo mno ya vilivyokuwa vikitolewa kwenye kuta za nyumba. Maine ilipotunga sheria mwaka 2006 iliwataka watengenezaji walipe angalau dola 5 kwa kila kimoja kinachorudishwa, kwa sababu fundi anayeking'oa ukutani ndiye anayeamua kitakwenda wapi, na fundi alikuwa hajapewa sababu. Kwa dawa huwezi kulipa kwa kidonge, utazaa biashara ya vidonge. Kinachobaki ni ukaribu wa sanduku, na ukaribu unategemea duka la dawa.

Kwa shabaha ya pili, njia haijafungwa kabisa. Gharama za mpango wa pamoja zinaweza kugawanywa kwa viwango tofauti badala ya mauzo peke yake: anayeuza dawa ya udhibiti katika pakiti ndogo zinazolingana na dozi za kawaida alipe pungufu, anayeng'ang'ania chupa za vidonge 100 alipe zaidi. Hilo halihitaji kufungua mfuko wowote, linahitaji takwimu za pakiti ambazo kampuni zinazo tayari. Na kuhusu kujua kilichomo sandukuni, kanuni inakataza kuhesabu vidonge vilivyokwisha kuingia. Haikatazi kuweka kando ya sanduku fomu fupi, ya hiari na isiyo na jina, ambapo anayerudisha anaandika ni dawa gani, zimebaki ngapi, na kwa nini hakuzimaliza.